Siku Nilipoliruka Jina la Lukwiri

Harufu ya mbao mbichi za mikaratusi bado hunisimamisha njiani. Nikipita mahali mafundi wanapasua magogo, hata nikiwa ndani ya gari langu na watu wananisubiri mkutanoni, humwambia dereva apunguze mwendo, nami hufungua kioo. Wanaofanya kazi chini yangu hudhani nakagua ubora wa mbao, kwa kuwa wanajua nimejenga nyumba mbili na sipendi kudanganywa na fundi. Siwaambii kitu. Harufu ile kali, iliyochanganyika na ya majani yaliyokanyagwa na ya udongo mweusi uliolowa mvua, hunirudisha kwenye uwanja mmoja mdogo wa mji wa Mweso, kule Masisi, nyuma ya kanisa, ambako wanaume walikuwa wakijenga jukwaa kwa mbao zilizopasuliwa asubuhi ile ile. Utomvu ulikuwa bado unatoka kwenye mbao. Sisi watoto tuliokuja kufanya mazoezi tulitoka pale nyayo zetu zinanata, na mama zetu walitusugua kwa jiwe hadi tukalia.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nikijua Kifaransa kuliko mtoto yeyote wa shule yetu. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna aliyenipa. Baba yangu alikuwa mkulima wa maharage na viazi juu ya kilima cha Kashovu, hakuwahi kushika kalamu ila kwa kuweka alama ya msalaba. Mama aliweza kusoma kitabu cha nyimbo za kanisa tu, na hata humo alisoma zaidi kwa kukumbuka kuliko kwa kuona. Msimu ule vita vilikuwa vimetushusha kutoka Kashovu. Tulipanga chumba kimoja karibu na hospitali, na karibu kilima kizima kilikuwa kimeshuka pamoja nasi, kwa hiyo ukitembea njia ile ungedhani Kashovu imehamishwa na nyumba zake zikabaki nyuma. Baba alipanda tena mlimani mara moja kwa juma kuiba mavuno ya shamba lake mwenyewe. Mimi nilisoma. Nilisoma karatasi za kufungia sabuni, nilisoma maandishi ya kwenye magunia ya msaada, nilisoma kila kitu.

Tamasha lile la muziki, usemaji na mchezo wa kuigiza lilikuwa la shule na makwaya ya eneo letu. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyekuwa msanii. Mshona viatu aligeuka mfalme, mama wa sokoni aligeuka malaika, na jioni yake kila mmoja alirudi kazini kwake. Watu walisema vita vitalizuia, lakini wazee wa parokia wakasema litafanyika, ili watoto wapate kusikia kelele nyingine tofauti na ile waliyoizoea. Kulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona mahali pengine popote nilipoishi, nami nimeishi mahali pengi. Kabla mtoto hajafungua mdomo kuimba au kusema shairi, alipaswa kusimama katikati ya jukwaa na kuita kwao. Alitaja jina lake, jina la baba yake, na jina la kilima au kijiji chake. Hapo watu wote wa mahali hapo waliokuwa uwanjani walisimama, popote walipokaa, wakaitika kwa sauti moja: "Tuko!" Ndipo mtoto alianza. Zamani, mama alisema, ilikuwa ni furaha tu, namna ya vilima kushindana kwa sauti. Katika miaka ya vita ikawa kitu kingine. Watu walikuwa wametawanyika, na pale uwanjani ndipo mtu aliweza kujua nani wa kwao yu hai na yuko wapi. Wakina mama walikuja tangu mbali, si kwa ajili ya nyimbo, bali kusikiliza majina.

Furaha alikuja nyumbani kwetu miezi michache kabla ya tamasha. Alikuwa amenipita mwaka mmoja. Alitoka upande wa Walikale, kwenye kijiji cha msituni kiitwacho Lukwiri, ambacho hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukisikia. Watu wenye bunduki walipoingia kijijini mwao, kila mmoja alikimbia upande wake, naye akajikuta nyuma ya mama mmoja asiyemjua, akamfuata siku nyingi njiani kwa sababu mgongo wa mama yule ulivaa kitenge chenye rangi kama cha mama yake. Walipofika Mweso mama yule aliendelea na safari yake. Furaha akabaki ameketi mbele ya kanisa. Mama yangu, ambaye hakuwa na kitu, alimshika mkono akamleta chumbani kwetu, akasema, "Huyu atalala na wewe. Usimusumbue." Tulilala kwenye mkeka mmoja. Alikuwa mkimya, mwenye miguu myembamba iliyojaa makovu ya miiba, lakini akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, aliimba nyimbo za msituni kwao kwa sauti nyembamba ambayo iliwafanya majirani wazime redio zao. Kifaransa hakujua hata cha kuomba maji.

Kila shule ilipewa nafasi moja tu ya msemaji wa shairi la Kifaransa. Ilikuwa yangu, kila mtu alijua. Lakini Mwalimu Bahati, ambaye alikuwa mwalimu wetu wa darasa la sita na mtu wa kanuni, alitaka pawe na majaribio ya haki, na siku hiyo nilishangaa kumwona Furaha akisimama kwenye mstari. Alikuwa amelikariri shairi lote kwa kunisikiliza nikifanya mazoezi usiku na mchana. Alilisema lote bila kukosea mstari, ila maneno yalitoka yote kama mawe mdomoni, na darasa lilicheka hadi kamasi zikatutoka. Mwalimu Bahati alipiga meza. Akamuuliza Furaha kwa upole kwa nini anataka kwenda jukwaani.

"Mwalimu, ni juu ya kuita kwetu," Furaha alijibu. "Pengine mama iko pale. Pengine hata muntu moja tu wa Lukwiri."

Mwalimu aliangalia orodha iliyokuwa mezani. Kisha akasema, "Mutoto wangu, mashindano iko ya masomo, haiko ya huruma. Tukituma wewe, shule itachekwa." Akaandika jina langu. Nami niliona haki imetendeka, na hata leo, kwa kupima Kifaransa peke yake, nasema haki ilitendeka.

Jioni ile tulikwenda kuchota maji mtoni. Furaha hakunisusia. Alinitwisha ndoo yangu kwanza, kama siku zote, kisha akabaki amesimama na ndoo yake chini.

"Dada," alisema, ingawa yeye ndiye mkubwa, "nakuomba kitu moja tu. Ukifika pale juu, ukiisha kuita kwenu, uite na kwetu. Jina tu. Lukwiri. Halafu uendelee na shairi yako."

"Watanikata pointi."

"Ni neno moja."

"Na kama hakuna muntu anaitika? Nitasimama pale kama mujinga?"

"Wataitika," alisema Furaha. "Na kama hawaitike, nitajua."

Nilimwahidi. Naikumbuka ahadi ile vizuri sana kwa sababu niliitoa kama malkia anayetoa zawadi. Nilisema, "Sawa, nitakuitia kwenu, lakini utanifulia nguo ya tamasha." Akaifua mara mbili, akaipiga pasi kwa kuilaza chini ya mkeka, yeye mwenyewe akilala juu yake chali bila kugeuka ili isipate mikunjo.

Siku yenyewe uwanja ulijaa tangu asubuhi. Watu walikaa kwenye majani, kwenye ukuta, juu ya miti ya avokado, na wagonjwa wa hospitali walioweza kutembea walikuja na blanketi zao wakasimama kwenye ua wa miti uliozunguka uwanja. Papa Kambale, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na mwenye duka kubwa na lori, alikuwa ametoa zawadi zote, nazo zilipangwa juu ya meza ya majaji: jembe, ndoo, kitambaa, na katikati yake kamusi nene ya Kifaransa yenye jalada jekundu. Nilipoiona kamusi ile sikuona kitu kingine. Kwaya ya kina mama iliimba, ngoma zikapigwa, vijana wa kilima cha jirani wakaleta likembe, kile kinanda kidogo cha kupigwa kwa vidole gumba, na sanduku walilolipiga kwa visigino. Katika mchezo wa kuigiza, mlinzi wa kanisa aliyeigiza mume mlevi alikuwa amejibandika ndevu za mbuzi, na alipoanza kumfokea mkewe ndevu zikaanguka. "Papa, ndevu imekimbia vita!" mtu alipiga kelele kutoka mtini, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mlinzi yule aliziokota akazibandika tena akasema, "Imerudi, imesikia kuna amani." Nakumbuka jinsi watu walivyocheka, na jinsi kicheko kile kilivyokatika ghafla, kila mtu akiangalia miguu yake.

Kisha zikaja zamu za wasemaji wa shule. Wa tatu kabla yangu alikuwa mvulana mdogo wa shule nyingine, aliyevaa koti la mtu mzima. Alitaja jina lake, la baba yake, na la kilima chake, akasubiri. Hakuna aliyesimama. Aliita mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi. Mama mmoja alianza kulia mahali fulani. Mtoto yule alibaki amefungua mdomo, shairi lote likamtoka kichwani, mwalimu wake akapanda akamshusha kwa kumshika bega. Mimi nilikuwa chini ya ngazi ya jukwaa na niliona yote. Furaha alikuwa kando yangu, miguu ameibana pamoja, mikono kifuani. Alinigusa tu mgongoni, pale alipokuwa amelaza mshono kwa mkono wake, na mimi nikapanda.

Nilitaja jina langu. Nilitaja jina la baba yangu. Nikaita: "Kashovu!" Na Kashovu ikasimama. Sijawahi kusikia sauti kama ile, wala siku ya kupewa diploma yangu, wala siku ya harusi yangu. Walikuwa pande zote za uwanja, kwa mamia, baba yangu akiwa ameinua kofia yake juu, na "Tuko!" yao ilipita chini ya mbao hadi nikaisikia kwenye nyayo. Hapo ndipo nilipaswa kusema neno lile moja. Nilikuwa nalo mdomoni. Niliwaza juu ya mvulana wa koti. Niliwaza kimya kile kikija sasa, baada ya kelele hii nzuri, kikae juu yangu na juu ya shairi langu, na majaji wakikunja midomo. Niliangalia kamusi nyekundu. Nikaanza mstari wa kwanza wa shairi.

Nililisema vizuri kuliko nilivyowahi kulisema. Nilishinda. Papa Kambale mwenyewe alinikabidhi kamusi akasema mbele ya watu wote, "Huyu mutoto atafika mbali," naye hakukosea. Walinibeba mabegani hadi nyumbani. Furaha alitembea nyuma amebeba viatu vyangu. Tulipolala, aliuliza mara moja tu gizani.

"Ulisahau?"

"Nilisahau," nikasema.

"Sawa," alisema. Hakuuliza tena. Nimeambiwa maneno mengi makali maishani mwangu, na watu wenye wivu hawapungui, lakini hakuna lililonikaa kama "sawa" lile.

Asubuhi yake mama alitutuma chumvi kwenye duka la Papa Kambale. Alifurahi kuniona, akaanza kunitania: "Mushindi amekuja! Mutoto wa Kashovu na midomo ya Paris!" Akamgeukia Furaha. "Na wewe, ndio mwenzake? Wewe ni mutoto wa wapi?"

"Lukwiri," alisema Furaha.

Papa Kambale aliweka chini kipimo cha chumvi. "Lukwiri ya Walikale? Wee! Leo alfajiri lori yangu imebeba mama mumoja wa Lukwiri. Alikuwa hospitali na katoto kenye homa. Jana yote alisimama pale kwa lupango, kwa ile ua ya miti, akisikiliza majina, nilimuona na macho yangu. Leo aliniambia, 'Papa, nimesikiliza mpaka mwisho, ya kwetu haikuitwa, basi naendelea. Naskia watu wetu wengine walifika Shasha.'"

Furaha aliuliza mama yule alikuwa mtu wa namna gani, mrefu au mfupi, alikuwa na alama usoni. Papa Kambale alijaribu kukumbuka, akaona aibu, akasema alikuwa mama tu, kama wamama wote wenye mutoto mgonjwa mgongoni. Furaha alitoka dukani akakimbia barabara ya Kitshanga. Nilimkimbilia hadi kifua kikawaka. Alifika kwenye kona ambapo barabara inapanda, akasimama, kwa sababu lori lilikuwa limeondoka tangu alfajiri na hata vumbi lake halikuwepo tena. Alikaa chini. Nami nilisimama nyuma yake, na mimi, niliyejua maneno mengi kuliko watoto wote wa Mweso, sikupata hata moja. Sikumwambia ukweli pale. Naomba msomaji anielewe: nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu, na sikusema.

Papa Kambale, mtu mwema, alimwahidi kwamba lori likirudi litampeleka Shasha bure, kule kando ya ziwa, akawatafute watu wa kwao. Lakini lori halikurudi. Siku chache baadaye barabara ikafungwa na mapigano, na kabla ya juma kwisha risasi zikafika Mweso kwenyewe. Tuliondoka mchana wa jua kali, kila mtu na alichoweza kushika. Baba alikuwa na jembe, mama alikuwa na sufuria na mdogo wangu, mimi nilikuwa na kamusi nimeifunga kifuani kwa kitenge. Kwenye njia panda, watu wa Kashovu waligeuka kuelekea milimani, ambako walizijua njia. Furaha aliachia mkono wa mama yangu.

"Mama, mi nafwata barabara," alisema. "Shasha iko kule."

"Mutoto, kule wanapigana!" mama alipiga kelele. "Rudi hapa! Furaha!"

Aligeuka mara moja. Nilidhani ananiangalia mimi, labda aliangalia mlima tu. Kisha watu waliingia katikati yetu, wengi, na magodoro na mbuzi na ndoo, na mama yangu aliendelea kuita jina lake hadi baba alipomvuta mkono.

Mengine ni historia yangu, na sioni haya kuisimulia. Kamusi ile ilinilea. Niliisoma kwenye kambi ya wakimbizi tulikoishia, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nikarudia. Niliuza ndizi, nilisuka nywele za wanawake, nilifundisha watoto wa wenye uwezo, na kwa mikono hii nilijisomesha hadi chuo kikuu cha ualimu, nikatoka na diploma yenye alama za juu darasani mwetu. Imetundikwa sebuleni kwangu, kwenye fremu ya kioo, na kila mgeni huipita kabla ya kukaa. Wengi wa rika langu walibaki mijini au walivuka mpaka. Mimi nilirudi Masisi, nikajenga shule, na baba yangu kabla hajafa aliketi kwenye ofisi yangu akazungusha kiti changu kama mtoto. Nilikwenda Shasha mara tatu. Niliuliza kina mama wanaokausha samaki, niliuliza wavuvi, niliuliza kanisani. Watu wa Walikale walipita, walisema, wengi walipita. Wengine walipanda mtumbwi. Jina la Lukwiri mzee mmoja alilikumbuka, lakini hakukumbuka nyuso.

Mwaka huu wameanzisha tena tamasha, na waliniita kuwa mgeni wa heshima. Kuna jukwaa la chuma sasa, kuna maikrofoni na vipaza sauti, na vijana wanarekodi kwa simu. Desturi ya kuita imebaki, lakini imekuwa nyepesi. Watoto wanaita jina la shule yao, wenzao wanapiga makofi, basi. Wengine wamezaliwa kwenye kambi na wakiulizwa kilima chao wanataja namba ya kibanda. Nilipopewa nafasi ya kusema, mtangazaji alizitaja sifa zangu zote, moja baada ya nyingine, nami niliziacha zitajwe. Kisha nilichukua maikrofoni nikawaambia watu kwamba nina neno moja ambalo nilipaswa kulisema pale Mweso nilipokuwa mtoto. Nikaita: "Lukwiri!"

Kimya kilikuja, kile kile nilichokikimbia. Kilikaa juu yangu, juu ya gauni langu, juu ya sifa zangu zote, na nilikiacha kikae. Nikaita mara ya pili. Ndipo kutoka mstari wa mbele, kati ya watoto waliokaa chini, kasauti kadogo kakaitika, "Tuko!" Watoto wenzake wakacheka. Nilishuka ngazi nikainama mbele yake. Alikuwa msichana wa miaka kama saba, pengo mbele, magoti yenye vumbi.

"Mutoto wangu, wewe ni wa Lukwiri?"

"Hapana, Mama," alisema, akimtafuta mama yake kwa macho kwa hofu. "Mi niko wa hapa. Nimeona tu hakuna muntu anakuitikia."